Siku Uliyosema Ni Wewe

Nabwire mwanangu,

Uko kwa Auma unasukwa nywele za safari, na kwa ninavyomjua Auma, mkono wake husimama kila mdomo wake unapoanza, kwa hiyo hutarudi kabla ya giza. Nina saa tatu, labda nne. Nimefunga mlango wa mbele, nimekaa mezani na daftari lako la zamani la shule. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho walichonifundisha kuandika kwetu Funyula, kabla baba yako hajanivusha mpaka kunileta hapa Buteba. Kisamia nakisema tu, kukiandika kunanishinda. Na jambo hili likinishinda leo, sitalisema tena.

Sitakuandikia habari za kula vizuri wala za kuchagua marafiki. Una miaka ishirini, cherehani unaijua kuliko mimi ninavyojua sufuria zangu, na shangazi yako wa Lodwar si mtu wa mchezo. Ninachotaka kukuambia ni kingine. Kesho asubuhi unapanda basi, na mimi si mjinga, nimeona ulivyofunga mizigo. Mtu anayekwenda ili arudi haachi kabati tupu. Umeng'oa hata picha yako ya kipaimara ukutani, pamebaki msumari. Naogopa, Nabwire. Naogopa hutarudi, na naogopa zaidi kwa sababu najua una haki ya kutorudi.

Miaka miwili tumeishi chini ya bati moja. Unanipikia, unaniuliza nimeamkaje kila asubuhi, hujanikosea adabu hata siku moja. Heri ungenitukana! Haki ya Mungu, kuna siku nilikuwa nakuchokoza makusudi, nakugombeza kwa sababu ya ndoo au kuni, ili tu unifokee niwe na mahali pa kuanzia. Wewe unasema, "Sawa, Mama," unakwenda zako.

Wacha nieleze yote kama mtu anayemweleza mgeni. Unaijua, ndiyo. Lakini mimi nimeipindapinda kichwani kiasi kwamba nataka niione imenyooka angalau mara moja.

Tumbo la baba yako lilianza kuvimba wakati tunaanika mihogo. Tukampeleka hospitali Tororo, wakasema ni ini, wakampa dawa, akarudi, akapewa dawa nyingine. Ushirika wetu wa kanisani ukaomba. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza maombi ya akina mama siku ya Alhamisi, unakumbuka sauti yangu ilivyokuwa. Nilifunga, nikalia mpaka koo likakauka. Tumbo likazidi. Ngozi ya miguu yake ikawa inang'aa, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo.

Ndipo mwanamke mmoja niliyekuwa nauza naye samaki wakavu pale Busia akaniambia habari za mganga mmoja huko Petta, kwamba amewatibu wengi wa tumbo. Nilimkemea kwa jina la Yesu. Sokoni, watu wakisikia! Nilimkemea mpaka akaomba radhi. Lakini jina la kile kijiji nililishika, na nyumba yenye mlango wa bluu baada ya kisima niliishika pia.

Nataka uangalie hapo vizuri. Huko uendako watakuonya juu ya pombe na wanaume, na wako sawa, yatakuja hayo, lakini utayaona yakija. Langu lilikuja limevaa huruma. Lilisema, unampenda mumeo au humpendi? Lilinikuta nimechoka, sijalala siku tatu, na likaniambia ni mara moja tu, Mungu ataelewa. Kama ningemwambia mtu siku ileile, yeyote, hata Auma na domo lake, nadhani lingekufa hapohapo. Sikumwambia mtu. Nililiweka kifuani kama siri ya mapenzi, na kila siku lilikuwa linanenepa.

Yule mganga alisema Kidhopadhola tupu. Mimi sijui Kidhopadhola hata cha kuomba maji. Wewe ulikijua kwa miaka minne ya shule Tororo. Kwa hiyo nikakuchukua. Nilikudanganya kwamba tunakwenda kutafuta mbegu za maharagwe, woi, hata hilo sijawahi kulitubu. Tulipofika kwenye ule mlango ukasimama. Ukasema, "Mama, hapa si kwa mganga?" Nami nikakujibu neno ambalo mzazi hapaswi kumwambia mtoto: "Unataka baba yako afe?"

Ulikuwa na miaka kumi na minane. Ukaingia. Uliyatafsiri maneno yangu na ya yule mzee macho yako yakiwa chini tangu mwanzo hadi mwisho, na ulipofika mahali pa kutaja jina la baba yako sauti ikakukatika. Niliona. Nikakuambia endelea.

Akatupa kile kifurushi: kitambaa cheusi, mizizi, manyoya ya kuku, kimefungwa kwa uzi. Kifukiwe chini ya kizingiti cha mlango siku mwezi ukiandama, yaani tungoje siku nne. Tulipofika Tororo mjini kutafuta boda za kurudi, nani wamesimama pale? Akina mama wawili wa ushirika, wameshika mwavuli mmoja, wananiita, "Dada Perusi! Bwana asifiwe!" Nikakitumbukiza begini mwako kabla sijageuka kuwaitikia. Na nyumbani sikukichukua, kwa sababu nyumba ilijaa watu waliokuja kumwona mgonjwa. Nilikuambia ukae nacho. Ndiyo maana barua hii nitakupa mkononi, tukitazamana. Sitakutilia kitu begini tena maisha yangu yote.

Jumamosi ukaenda mazoezi ya kwaya. Ukatoa kitabu cha nyimbo, nacho kikatoka. Kikaanguka sakafuni kanisani, mbele ya wanakwaya wote, manyoya yale yakamwagika.

Alhamisi ikafika. Unaujua ushirika wetu. Kwetu sisi waliookoka dhambi haifichwi. Mtu husimama mbele ya ndugu, anaitaja kwa jina lake, wanamwimbia sifa, wanamkumbatia, imekwisha. Nilikuwa hodari wa jambo hilo, mimi! Nimetubu hasira, nimetubu kulionea wivu gauni la gomesi la jirani, nimetubu kusinzia wakati wa mahubiri. Vidhambi vile nilivitubu kwa ufasaha mpaka watu wakatoa leso. Leo ndipo naona nilikuwa natoa sarafu ndogo ili mtu asiniulize nina nini kwenye mfuko mwingine.

Mzee Erisa, kiongozi wa ushirika, akasimama na ile sauti yake ya upole ambayo inatisha kuliko kelele. "Ndugu, ile kitu ilianguka hapa Jumamosi iko na mwenyewe. Mimi sitaji mutu. Mwenyewe akuje kwa mwanga."

Watu wakakutazama wewe. Baba yako alikuwa pale, wanaume walikuwa wamembeba wakamkalisha mkekani ameegemea ukuta. Mimi nikasimama. Nabwire, sikiliza hapa, hata kama huamini lingine lolote: niliposimama, nilisimama kusema ni mimi. Miguu yangu ilikuwa imeshaamua. Kisha nikauona uso wa baba yako. Ulikuwa umechangamka, maskini, alidhani mke wake anasimama kuombea kanisa. Na akina mama wenzangu walishaanza kuitikia amina kabla sijafungua kinywa. Nikafungua kinywa, yakatoka haya:

"Ndugu zangu, mtoto wangu ameanguka. Nisaidieni kumwombea."

Hata leo nikiwa peke yangu jikoni huwa nayasikia, namwaga maji, nachoma mkono, nasema ala, na nani ananisikia? Kwa mganga nilianguka kwa sababu ya kumpenda baba yako, na pengine kuna njia ya kuliombea hilo. Lakini pale ushirikani, Biblia iko mkononi, wenye imani wamenizunguka pande zote, pale nilianguka kwa kujipenda mwenyewe. Sikukutwa baa mimi. Nilikutwa kwenye maombi.

Ukanitazama. Nilingoja chuki machoni mwako, sikuiona. Ulinitazama kama mtoto ambaye mama yake ameachia mkono wake katikati ya barabara. Halafu ukasimama na kusema, "Ndiyo. Ni mimi."

Mzee Erisa akakuuliza kama unatubu. Ukasema hapana. Kanisa lote likaguna. Walisema una kiburi, umeingiwa na kitu, na mimi nilikaa palepale nikitazama kucha zangu. Jioni nikakufuata jikoni, nikakuuliza kwa nini hukutubu tu, jambo likaisha, wakakuimbia. Ulikuwa unapepeta mtama. Ukasema bila kuinua uso, "Kubeba nimebeba, Mama. Lakini siwezi kumwambia Mungu nilifanya kitu sikufanya." Ukapepeta tena. "Na Baba angejua ni wewe, angekufa leo leo."

Hayo tu. Tangu siku hiyo hujawahi kulitaja.

Wakakutoa kwaya. Wakakukalisha benchi ya nyuma, karibu na mlango, usiombe kwa sauti, usitoe ushuhuda, mpaka utubu. Wale watu wa Lunyo waliokuwa wamekuja kuuliza habari zako kwa ajili ya kijana wao hawakurudi tena. Kila Jumapili nilikuwa nakaa mbele na kitambaa changu cheupe kichwani, na wewe nyuma, na sauti yako ambayo ndiyo ilikuwa inaibeba ile kwaya imefungwa kinywani. Wameimba vibaya miaka miwili. Nikisikia wakipotea kwenye sauti ya pili moyo unanipasuka.

Na baba yako akaacha kukusalimia. Hilo ndilo lililoniua. Ulikuwa unampelekea maji ya kunawa, anatumbukiza mikono, anageukia ukutani. Unamwambia, "Baba, uji huu hapa," anasema, "Weka." Niliona hayo kila siku, miezi mitatu, na kila siku nikasema kesho nitamwambia. Petro alimkana Bwana mara tatu, jogoo akawika, akatoka nje akalia, yakaisha. Mimi nina majogoo wawili hapa uani wanawika kila alfajiri, na nilikuwa naamka, nawatupia mahindi.

Utaniuliza kama nilikuwa naomba. Niliomba sana! Nilikuwa nasema, "Ee Mungu, wewe unajua." Nikadhani hiyo ni toba. Kumbe nilikuwa nampa Mungu habari ambazo anazo. Nilitaka anitulize moyo bila mimi kufungua mdomo, na yeye hakunituliza, na nikamkasirikia.

Leo mchana, ulipoenda Busia kukata tiketi, nilienda ushirikani. Usidhani ni ushujaa. Niliingia chumbani mwako kutafuta ufagio nikaona kabati liko tupu, nikakaa kitandani mwako, nikainuka, nikaenda na ndala hizihizi za jikoni. Nikasimama. Nikasema mganga nilimtafuta mimi, kifurushi kilikuwa changu, na mtoto wangu alilibeba kosa langu mbele yenu wote, nami nikamwacha.

Unajua walifanya nini? Waliniimbia. Yaya! Wale akina mama walinikumbatia mmoja mmoja, wananifuta machozi kwa vitenge vyao, Mzee Erisa akasema, "Bwana asifiwe, dada amekuja kwa mwanga, amesamehewa kabisa." Haikufika hata muda wa maji ya chai kuchemka. Wewe benchi miaka miwili kwa dhambi ambayo si yako, mimi mwenyewe dakika kumi na wimbo!

Nikapiga kelele. Ndiyo, ile hasira yangu niliyoitubu mara nyingi, ikarudi yote. Nikawaambia msiimbe. Nikawaambia nyamazeni, inukeni sasa hivi twende nyumbani mkamwombe mtoto radhi, anaondoka kesho. Wakatazamana. Mzee Erisa akasema jambo hilo ni zito, linataka wazee wakae, wataliangalia wiki ijayo. Wiki ijayo! Mtoto atakuwa Lodwar! Nikatoka nimewaacha wananiita, na njia nzima nikilia na kugombana na watu ambao hawapo.

Nisikufiche: sijui kama Mungu amenisamehe. Wao wanasema amenisamehe. Vitabu vinasema. Nami nimewaambia watu wengine maneno hayohayo nikiwa nimewashika mabega. Lakini njiani leo sikusikia kitu chochote moyoni ila jina lako. Nadhani kuna msamaha ambao Mungu hawezi kunipa akikuruka wewe. Labda nakosea, mimi si mwalimu wa dini. Wewe siku ukianguka, na utaanguka, mama, sijaona asiyeanguka, usikimbilie kwanza kwa watu wanaoimba. Nenda kwanza kwa yule uliyemkosea, hata akikufungia mlango, gonga. Usingoje miaka miwili uende umeshika karatasi.

Na ukijaribiwa na ukaona sababu zako ni nzuri sana, zinameta, hata wewe mwenyewe unazipenda, hapo ogopa.

Sasa kuna jambo ambalo sikulisema ushirikani. Nimezunguka kurasa zote hizi nikilikwepa, na giza linaingia, na nasikia mbwa wa kwa Auma wanabweka, pengine ndiyo unatoka.

Siku moja kabla baba yako hajafa, alasiri, wewe ulikuwa umeenda kupalilia mihogo kule chini. Nilikuwa nimekaa kando yake nimeshika kikombe cha uji. Akafumbua macho, akasema, "Perusi, niitie mtoto." Nikamwambia yuko shamba, atakuja. Kulikuwa na mwendo wa dakika tano kutoka kitandani kwake mpaka ulipokuwa. Sikuinuka. Niliogopa ungekuja na angekuuliza, na wewe ambaye huwezi kusema uongo mbele ya mtu anayekufa ungemwambia.

Akangoja kidogo. Halafu akasema, "Basi mwambie nimemsamehe. Mwambie nilikuwa mpumbavu kumnyima salamu. Yule aliyeenda Petta alitaka nipone tu. Alifanya hivyo kwa kunipenda."

Nabwire, alisema hivyo. Akanishika mkono huu. Ilibaki mimi kusema ni mimi, basi. Angenisamehe, nilijua angenisamehe, maana alikuwa ameshasamehe, maneno yalikuwa bado hewani kati yetu! Nikamwambia, "Nitamwambia." Nikampa uji, akakataa. Alfajiri akaondoka.

Na sikukuambia. Kukuambia kwamba amekusamehe kungekuwa kukuambia amekusamehe kosa gani, na ungenitazama tena kama ulivyonitazama kanisani. Kwa hiyo nikakuacha umzike ukidhani alikufa amekukasirikia. Nilikuona kaburini ulivyorusha ule udongo, ukakimbia. Nilijua unakimbia nini. Nilikuwa na dawa yako mkononi, nikaifumba.

Alikupenda mpaka mwisho. Alikuita. Chukua, ni yako, ilikuwa yako tangu zamani.

Sitakuomba ukae. Panda basi. Wala usinijibu leo kwa sababu ya huruma, maana kwa huruma yako nimeishi vya kutosha. Lakini msamaha ule ulikwenda kwako ambaye hukuhitaji, na mimi niliyeuhitaji nilikuwa nimekaa palepale, nikaona aibu kuuomba. Baba yako hayupo tena wa kuombwa. Umebaki wewe tu.

Nisamehe, Nabwire.

Mama yako,
Perusi